Kilo ya Kizalendo

Iko nchi iitwayo Neemani ambayo haimo katika ramani yoyote, maana wachora ramani walipofika mpakani waliombwa barua ya utambulisho, wakawa hawana. Ni nchi yenye kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta siku hiyo. Serikali yake inawapenda raia kiasi cha kutotaka wahangaike kufikiri peke yao, na kwa sababu hiyo iliunda Wizara ya Ufafanuzi, yenye jengo la ghorofa kumi na moja, kumi kati ya hizo zikiwa za vikao vya maandalizi.

Katika nchi hiyo aliishi Profesa Hilali Mbaruku, mwalimu wa uchumi chuo kikuu. Alikuwa mtu mwembamba, mgane, mwenye sauti nzuri kuliko sura. Kila Jumatano saa moja asubuhi alikaa mbele ya kipaza sauti cha Redio ya Taifa katika kipindi kilichoitwa Uchumi wa Jikoni, na mtangazaji wake alikuwa Bi Havijawa Singano, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Watu walipiga simu kuuliza, Profesa akajibu. Mfumuko wa bei aliueleza kwa andazi. Thamani ya fedha aliieleza kwa ndoo inayovuja. Watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasa la uchumi walizima jiko la mafuta ili mvumo wake usiwakoseshe neno. Akienda sokoni kununua nyanya, alikuwa akisema tu "Za leo?" muuzaji anaruka: "Huyo! Ndiye yeye! Ndiyo sauti!" Na anaongezewa nyanya mbili.

Balaa lilianzia kwenye sukari. Ilikuwa imetoweka madukani mwezi wa pili sasa, na mama mmoja wa mtaa wa Mabanzi akapiga simu.

"Profesa, sukari imeenda wapi?"

"Mama yangu, haijaenda popote," akasema Profesa. "Tuchukulie mtaa wenu una kisima kimoja, kina mfuniko na kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja. Maji yamo. Yeye tu hajisikii kufungua. Kibali cha kuingiza sukari Neemani anacho mtu mmoja."

"Nani huyo?"

"Jina silijui, mama. Mimi nafundisha uchumi, sifundishi majina."

Lakini jina kila mtu alilijua. Alikuwa shemeji yake Baba Mlezi wa Taifa, yaani rais, na siku hiyo nchi nzima ilicheka kwa pamoja, jambo ambalo ni kosa kama hakuna kibali cha mkusanyiko.

Kesho yake Profesa aliitwa Wizarani. Waziri wa Ufafanuzi, Mheshimiwa Daktari Dominiko Sengasenga, alimpokea amesimama, kwa kuwa alikuwa na hotuba.

"Profesa," alisema, "umefafanua bila kibali. Nchi nyingine ungefungwa. Hapa kwetu, nchi ya rehema, tunajiuliza: kipaji hiki cha kuwafanya watu waelewe, kwa nini kiachwe kizurure? Kwa mamlaka niliyopewa, na ambayo bado ninayo hadi nitakapoarifiwa vinginevyo, nakuteua kuwa Mfafanuzi Mkuu wa Taifa."

"Nikikataa, Mheshimiwa?"

"Hakuna atakayekugusa. Saa yako ya Jumatano tutaipa bendi ya magereza. Ina nyimbo nzuri sana."

Profesa aliomba siku mbili za kufikiri. Akarudi nyumbani kwake, nyumba iliyokuwa kimya tangu mkewe afariki, na akajaribu kuiwazia Jumatano isiyo na simu, soko lisilomjua. Akajiambia kwamba akiwa ndani atawatetea wananchi kwa upole, kidogo kidogo, bila mtu kushtuka. Wote hujiambia hivyo, na ngazi za Wizara ile zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokuwa wakijiambia hivyo. Siku ya pili alikubali. Akapewa gari lenye kibendera, pamoja na mtu wa kumshikia mwavuli hata kama hakuna mvua.

*

Mwaka ule mahindi yalikataa. Bei ya unga ilitaka kupanda, lakini Baba Mlezi alikwisha kuapa uwanjani, mkono juu, kwamba bei ya kilo ya unga haitapanda akiwa hai. Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu. Siku ya tatu waziri mmoja ambaye hakuwahi kusema kitu tangu ateuliwe akanyanyua mkono, akauliza kama kilo nayo imeapiwa. Wakatazamana. Haikuwa imeapiwa. Papo hapo ikapitishwa sheria ya Kilo ya Kizalendo, ambayo ni robo tatu ya ile ya zamani, na Mfafanuzi Mkuu akatakiwa kuieleza Jumatano.

Profesa aliisoma ile karatasi ndani ya gari mara mbili. Alitafuta mahali pa kuwatetea wananchi kwa upole, akakosa. Lakini taa nyekundu ya studio ilipowaka, sauti ikatoka yenyewe, nzuri kama kawaida, na ilipoanza kutoka haikutaka kurudi.

"Wasikilizaji wangu wapenzi," alisema, "hii kilo tuliyoizoea ililetwa na wageni. Je, walitupima mabega kwanza? Waliwauliza mama zetu wabebao mizigo kichwani? Leo tumejipatia kilo inayolingana na sisi. Na tazameni maajabu: aliyekuwa anavuna kilo tatu, sasa anavuna nne. Uchumi wetu umekua kwa theluthi moja asubuhi hii, na hakuna aliyetoka jasho."

Simu ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala mmoja mtu mzima. "Profesa mwanangu, nimekusikia. Ila sufuria yangu haijapata habari hizi. Jana ilijaa, leo nusu iko wazi."

"Mzee wangu," akajibu Profesa, "sufuria hiyo ilitengenezwa enzi za ukoloni. Usitegemee ifurahie."

Watu wa Wizara waliokuwa nyuma ya kioo walijipiga mapaja kwa kucheka. Bi Havijawa alitazama karatasi zake. Kipindi kilipokwisha alikunja waya wa kipaza sauti taratibu, akasema bila kumwangalia, "Yule mzee amepiga simu hapa miaka sita. Hajawahi kukosa." Jumatano iliyofuata yule mzee hakupiga, na hakupiga tena.

Maofisa wa Idara ya Vipimo na Uzalendo wakaingia masokoni kukusanya mawe ya mizani ya zamani. Muuza nyama mmoja alikutwa akimpimia mjane kwa jiwe la zamani, akafungwa miezi sita kwa kosa la ukarimu wa kichochezi. Sokoni, sasa, Profesa akisema "Za leo?" wauzaji walimpimia kimya, gramu kwa gramu, kizalendo kabisa. Mmoja alimfungia nyanya zake katika kipande cha gazeti chenye picha yake, na akahakikisha ile mbovu imekaa usoni.

Tatizo pekee lilitokea Ikulu. Baba Mlezi alipopanda mizani yake ya kila mwezi, daktari alisoma kwa sauti kama ilivyo kanuni: kilo mia moja thelathini na mbili. Mwezi uliopita alikuwa na tisini na tisa. Daktari yule kwa sasa anachanja mbuzi katika wilaya ambayo bado haijapewa jina. Sheria nayo ikaongezwa kifungu cha tisa siku hiyohiyo: mtu yeyote aliye kiongozi atapimwa kwa kilo ya awali, kwa kuwa uzito wa kiongozi ni suala la usalama wa taifa.

*

Jumapili moja mchana mlango wa Profesa uligongwa. Alikuwa Sikitu, mtoto wa marehemu dada yake, aliyeishi Mabanzi na kufua nguo za watu. Mgongoni alikuwa na bintiye Asumini, wa mwaka mmoja na nusu.

Profesa alingoja shikamoo. Haikuja.

Sikitu alimshusha mtoto, akamweka juu ya meza, katikati ya magazeti ya mjomba wake. Mtoto alikaa palepale alipowekwa. Hakugusa magazeti, hakugusa miwani, hakulia. Nywele zake zilikuwa nyepesi, za rangi ya kutu.

"Mtazame," Sikitu alisema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amepona. Ijumaa ile alikuwa na kilo sita, akawa anapewa unga wa uji wa lishe pale zahanati. Jumatatu nikampeleka, ana kilo nane. Mizani wameibandika karatasi yenye namba mpya. Nesi Perusi akaniambia, mama Asumini, mtoto wako amevuka kiwango, unga hapati. Nikamwuliza, ameongezeka kilo mbili kwa kula nini, Jumamosi na Jumapili? Akanisomea kikaratasi walicholetewa. Unajua kimeandikwa nini, mjomba?"

Profesa alijua. Alikuwa amekiandika yeye.

"'Kama Profesa alivyoeleza,'" Sikitu akasema. "Ndivyo kinavyoanza. Nilikuwa nakusikiliza, mjomba. Nilikuwa nawaambia majirani, huyo ni kaka wa mama yangu. Sasa nawaambia hatujuani."

Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Profesa alibaki anaangalia pale mtoto alipokuwa amekaa. Gazeti halikuwa limekunjamana hata kidogo.

Alikuwa amesikia ile taarifa, bila shaka. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ijumaa Neemani ilikuwa na watoto elfu arobaini wenye utapiamlo, na Jumatatu haikuwa na hata mmoja. Ilikatwa keki. Wajumbe walikuja kutoka nchi jirani kujifunza. Yeye mwenyewe alipewa kipande cha keki akala, akasifu.

Asubuhi alikuwa ofisini kwa Waziri Sengasenga.

"Mheshimiwa, naomba watoto wasamehewe ile kilo. Watoto tu."

Waziri alishtuka kwa uchungu wa kweli. "Profesa! Tumeufuta utapiamlo kwa siku tatu, sasa unataka turudishe watoto elfu arobaini kwenye utapiamlo kwa siku moja? Wewe una roho gani?"

"Mmoja wao ni mjukuu wa dada yangu."

"Ah," Waziri akasema, na sura ikamlainika. "Sasa unazungumza. Ungeanza na hilo." Akabonyeza kengele. Baada ya nusu saa karani alileta cheti chenye mihuri mitatu. "Huyo wa kwako apimwe kwa kilo ya zamani. Undugu ni undugu."

Profesa alikipokea. Ningependa kusema alikikataa, lakini alikipokea kwa mikono miwili na akasema asante.

Alimkuta Sikitu uani, mikono ndani ya povu. Akamsomea. Sikitu alijikausha mikono kwenye kanga, akakichukua kile cheti, akakitazama muda mrefu.

"Na mtoto wa jirani yangu Kulwa? Na wale pacha wa nyumba ya bati?"

Profesa akaonyesha ile mihuri mitatu.

"Nitakichukua," Sikitu akasema, "maana mwanangu ana njaa, na njaa yake haijui kususa. Ila usije ukafikiri umenipa kitu."

Unga alioupata juma lile aliugawa nyumba tano. Asumini alipata vijiko vyake, hakuongezeka hata kidogo. Profesa aliposikia habari hizo alimfuata tena, akamkuta Kulwa yupo, na wanawake wengine wawili. Mmoja alimwaga maji ya kufulia karibu sana na viatu vyake.

"Kwa nini unagawa?" aliuliza.

"Wewe ungekaa hapa, ukapika uji, na hao wanne wanasikia harufu?" Sikitu alikitoa kile cheti kwenye pindo la kanga. "Halafu hebu nieleze hiki, wewe si mwelezaji? Wameandika mwanangu ni nani hapa?"

Profesa akavaa miwani. Siku ile ya kwanza alisoma mihuri tu. Sasa akaona kwamba Wizara, kwa kuwa sheria haikuwa na njia nyingine ya kumsamehe mtu, ilimsajili mtoto chini ya kifungu cha tisa. Iliandikwa: *Jina: Asumini. Kazi: Kiongozi, Daraja la Nne.*

Kulwa alicheka kwanza, kicheko kikali. "Kiongozi! Na kweli hafanyi kazi yoyote."

Profesa hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa shule ya msingi, ambapo paliandikwa kwa rangi ya bluu, kama ilivyoandikwa katika kila shule ya Neemani kwa amri ya serikali: WATOTO NI VIONGOZI WA KESHO. Chini yake: Baba Mlezi.

"Kulwa," alisema pole pole, "una redio?"

"Ninayo. Tangu zile habari za sufuria siiwashi."

"Jumatano iwashe. Mara moja tu. Waambie na wenzako."

"Kwa nini tukuamini?"

"Msiniamini. Nisikilizeni tu."

*

Jumatano saa moja asubuhi Profesa Mbaruku aliingia studio na hotuba iliyopigwa muhuri na Wizara. Mada ilikuwa Fadhila za Kifungu cha Tisa. Bi Havijawa alisogeza glasi ya maji mbali na karatasi zake.

Alisoma ukurasa wa kwanza kama ulivyo. Alisifu sheria. Alimsifu Baba Mlezi kwa jinsi anavyowalinda viongozi wa taifa na vipimo visivyolingana na heshima yao. Waziri Sengasenga, akisikiliza ndani ya gari lake, aliongeza sauti. Kisha Profesa akaiweka hotuba chini.

"Sasa, mama zangu, kiongozi ni nani? Sheria inasema mtu yeyote aliye kiongozi. Haikutaja umri. Haikutaja suti. Na Baba Mlezi mwenyewe, kwa kauli yake, ameandika katika kila ukuta wa shule kwamba watoto ni viongozi. Atakayesema mtoto wako si kiongozi, huyo amempinga Baba Mlezi, na adhabu yake tunaijua. Kwa hiyo mama ukienda zahanati kesho, mpeleke kiongozi wako, taja kifungu cha tisa, na mwambie nesi aibandue ile karatasi kwenye mizani. Usigombane na mtu. Mwambie tu unaitii sheria."

Nyuma ya kioo ofisa wa Wizara alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kwa mazoea, na alitikisa hadi mwisho wa sentensi ndipo akaacha mdomo wazi. Simu ya ukutani ikaanza kulia. Bi Havijawa aliitazama, akaiacha ilie.

"Profesa, kwa faida ya waliochelewa kuwasha redio," alisema kwa sauti yake ileile ya miaka yote, "hebu rudia kifungu ni cha ngapi?"

"Cha tisa, Bi Havijawa."

"Cha ngapi?"

"Cha tisa."

Ndipo bendi ya magereza ikaingia hewani.

Alhamisi asubuhi wanawake walikuwa wamejaa zahanati ya Mabanzi hadi barabarani, kila mmoja na kiongozi wake mgongoni. Wizara ilikuwa imekesha kutafuta jibu, na ilikuwa imelipata. Waraka ulisomwa na ofisa kijana juu ya ngazi: serikali haipingi kauli ya Baba Mlezi. Watoto ni viongozi kweli. Lakini ni viongozi *wa kesho*. Basi waje kesho.

Ijumaa wakaja tena wote, na wengine wa mitaa ya mbali. Sikitu alikuwa mbele. Ofisa akasoma waraka uleule.

"Tumekusikia jana," Sikitu akasema. "Ulituambia kesho. Mwanangu, leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Jana ilikuwa Alhamisi. Kesho ya Alhamisi ni siku gani? Waulize waliokutuma. Sisi tunangoja hapahapa."

Ofisa akageuza waraka kuangalia kama nyuma pameandikwa kitu. Palikuwa patupu. Wanawake wakakaa chini, wakawatoa watoto wao mgongoni na kuwapakata. Wengi wa watoto wale hawakulia, na ule ukimya wao ulikuwa mbaya kuusikiliza. Nesi Perusi, aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, aliwatazama kutoka mlangoni. Kisha akaingia ndani, akaingiza ukucha chini ya ile karatasi ya mizani, akaibandua yote kwa mkupuo mmoja.

"Kiongozi wa kwanza," akaita.

Mpaka jioni alikuwa amewarudisha watoto mia mbili na sita katika utapiamlo. Juma lililofuata zahanati nyingine kumi na nne zilibandua karatasi zao. Wizara ilifikiria kuwakamata manesi, lakini kila shitaka lililoandikwa lilianza kwa kukanusha maneno ya Baba Mlezi, na hakuna karani aliyetaka kuweka saini.

*

Aliyekamatwa ni Profesa, kwa kosa la kufafanua kupita kiasi. Hakimu alimwuliza kama ana la kujieleza, kisha akamzuia haraka, maana angejieleza angekuwa anarudia kosa mbele ya mahakama. Alivuliwa gari, mwavuli na kiti cha chuo kikuu, na akapigwa marufuku kumweleza mtu yeyote jambo lolote kwa miaka mitano, hata mgeni aliyepotea njia. Bi Havijawa alihamishiwa kitengo cha vifo, kusoma matangazo ya misiba.

Ukidhani watu walimpokea kwa shangwe, huwajui watu wa Neemani. Unga bado unauzwa kwa kilo ya kizalendo. Muuza nyama bado yuko ndani. Sokoni bado wanampimia Profesa kimya, na siku moja yule fundi seremala alipita karibu yake, akasimama, akamtazama kuanzia juu hadi chini kama ubao uliopinda, akaenda zake. Profesa alitaka kusema neno. Marufuku haikukataza kuomba radhi. Lakini neno halikuja, na mzee hakulingoja.

Mwezi wa pili baada ya kesi alikwenda Mabanzi siku ya kupima. Alisimama nje ya zahanati, upande wenye jua, kwani kivulini walikaa akina mama na hakuna aliyesogea. Sikitu alitoka na Asumini kiunoni. Mtoto alikuwa ameshika kipande cha andazi, anakitafuna kwa hasira, na alipomwona mtu mrefu mwenye miwani alinyoosha mkono kutaka kuinyakua.

"Ngapi?" Profesa aliuliza.

"Saba."

"Saba," alirudia. Ile sauti iliyokuwa ikizima majiko ya nchi nzima ilikwaruza kama mlango. "Nimpakate kidogo?"

Sikitu alimhamishia mtoto kiuno cha pili, upande wa mbali.

"Bado," akasema, na akashika njia ya kwenda kwake kuwasha moto.